Dubrovnik: ndani ya mji bikini ni faini, kisiwani ng'ambo watu uchi wa mnyama (uzi mrefu)

Mtanga_Bavaria (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu. Kwenye ule uzi wa likizo za Ulaya kuna mdau aliuliza kama ni kweli Kroatia kuna fukwe watu wanakaa bila nguo. Ni kweli, tena hazijifichi, zina vibao kabisa. Nimeona nifungue uzi wake, maana mji wenyewe wa Dubrovnik una mengi kuliko huo uchi, na huo uchi nao una utaratibu mkali kuliko tunavyouhadithia vijiweni.

Nitatiririka kwa awamu, niko kazini.

Dubrovnik uko kusini kabisa mwa Kroatia, kwenye Bahari ya Adriatiki. Mji mkongwe umezungushiwa ukuta wa mawe wa karibu mita 1,940, na pengine unafika kimo cha mita 25. UNESCO waliuingiza kwenye urithi wa dunia mwaka 1979, miaka 21 kabla ya Mji Mkongwe wa Zanzibar. Zamani ilikuwa nchi inayojitegemea, Jamhuri ya Ragusa. Watu wa meli na biashara. Walimlipa Sultani wa Uturuki ushuru kila mwaka na huku wanaelewana na Papa, mradi mizigo yao ipite. Napoleon ndiye aliyeifuta mwaka 1808.

Sasa sikia kichekesho. Ndani ya kuta hizo ukikatiza mtaani na bikini, au mwanaume kifua wazi, unaandikiwa faini. Miji mingine ya pwani hiyo, Split na Hvar, hali ni hiyo hiyo. Lakini ukipanda ukutani upande wa bandari ya zamani unaona kisiwa cha msitu kiko hapo hapo mbele, wala hakihitaji darubini. Hicho ndicho Lokrum. Upande wake wa nyuma, unaotazama bahari kuu, watu wamejilaza juu ya mawe kama walivyozaliwa na mama zao.

NgojaWaje

Nimeshaweka kiti. Uzi bila picha batili.

Mtanga_Bavaria

Za ukuta na vichochoro nitaweka jioni. Za huko kwenye mawe sahau, sababu yake inakuja.

Bwana_Forodhani

Mkuu hii chai. Kroatia ni Wakatoliki wa kusali hasa, kila kona kanisa. Hao hao wawaruhusu watu wakae uchi?

Mtanga_Bavaria

Chai yenye tangawizi lakini ni ya kweli. Kaa vizuri.

Wengi wanaolala pale si wenyeji. Ni Wajerumani, Waaustria, Waholanzi na wa kaskazini wengine. Wajerumani wana utamaduni huu tangu zaidi ya miaka mia moja iliyopita, wanauita kwa herufi tatu, FKK (Freikörperkultur, yaani utamaduni wa mwili huru), na ndizo utakazoziona kwenye vibao vya Kroatia. Kwao ni suala la afya, jua na hewa. Ujerumani Mashariki ya zamani ndiko ulikoshamiri zaidi, watu walikuwa wanaenda na majirani zao bila kuona haya.

Kroatia jambo lilianzia kaskazini. Kwenye kisiwa cha Rab wanasimulia hadi leo kwamba mwaka 1936 Mfalme Edward VIII wa Uingereza, akiwa na mpenzi wake Wallis Simpson, aliruhusiwa kuogelea bila nguo kwenye ghuba moja pale. Miezi michache baadaye akaachia kiti cha ufalme, ila hilo ni kwa sababu nyingine. Halafu mwaka 1961 ikafunguliwa kambi ya Koversada, karibu na Vrsar, Istria, ikaja kuwa kubwa mno. Huo ni wakati wa Yugoslavia ya Tito, nchi ambayo Kroatia ilikuwa ndani yake. Serikali ya kikomunisti haikuwa ikimsikiliza padri, na ilikuwa inazitaka sana pesa za Wajerumani. Ukiunganisha hayo mawili utaelewa kambi zilivyoota pwani nzima.

Kwa hiyo padri yupo, kanisa lipo, na kambi ipo. Kila mmoja ana upande wake wa ghuba.

Binti_Mvita

Salaam nyote. Mimi ni mwanamke, huwa nasafiri peke yangu, na kusema kweli nia yangu ni kuta na historia. Ila nataka kujua, ukifika hapo Lokrum unaweza kujikuta umeangukia katikati ya watu uchi bila kutaka? Na je, mtu mweusi hatakodolewa macho?

Mtanga_Bavaria

Dada Mvita, karibu. Hapana, huangukii. Boti inatoka bandari ya zamani, robo saa hivi uko gatini. Unashuka umevaa, na watu wote wamevaa. Kisiwa kina magofu ya monasteri ya Wabenedikto iliyoanza mwaka 1023, kina bustani ya mimea ya nchi za mbali, kina ziwa dogo la maji ya chumvi wanaloliita Bahari Mfu ambamo watu huoga wamevaa, na juu kileleni kuna ngome waliyoanza kuijenga Wafaransa mwaka 1806. Tausi wanatembea ovyo kama kuku. Ukiacha mkoba wazi mezani, sandwichi yako si yako.

Eneo la FKK liko pembe ya kusini-mashariki. Kuna njia yake ndani ya miti, na kibao kinakwambia kabisa kwamba kuanzia hapa mambo ni mengine. Usipotaka unageuka, hakuna anayekushika mkono.

Usitarajie mchanga wa Diani au Nungwi. Ni majabali meupe yanayoshuka baharini kwa ngazi ngazi, na ngazi za chuma zimefungwa kwenye mwamba za kushukia majini. Kila mtu au kila wawili wametafuta bapa lao la jiwe, wametandika taulo. Wengi ni watu wazima hasa, wastaafu wenye vitambi, makovu ya operesheni, miguu ya mishipa. Bibi mmoja alikuwa anajaza fumbo la maneno na miwani yake puani, hana kingine mwilini zaidi ya kofia. Mumewe anamenya pichi kwa kisu kidogo, anampa kipande kimoja kimoja. Dakika tano za kwanza unajiona wewe ndiye unayetazamwa. Baada ya hapo unagundua hakuna mwenye habari na wewe, wanahangaika na jua.

Kuhusu rangi, mjini utaangaliwa kidogo, watu weusi si wengi kule. Kwenye mawe niliangaliwa kidogo kuliko mjini. Adabu ya pale ni kutokodoa, na wanaishika.

Kijana_wa_Gongo

Mkuu tuseme ukweli sisi wanaume. "Mtambo" ukiwaka inakuwaje?

Mtanga_Bavaria

Nilijua swali hili litakuja. Unalala kifudifudi au unaingia majini. Maji ya Adriatiki mwezi wa Juni kwa mtu aliyezoea Bahari ya Hindi ni baridi ya kutosha kumaliza kesi yoyote.

Ila nikwambie, mazingira yenyewe hayana ashiki. Anayekwenda kutafuta hiyo anaonekana mapema, na wenyewe wanamfukuza kwa macho tu, au mtu mzima mmoja anamwendea anamwambia aondoke. Sheria zao ni hizi: unakalia taulo lako siku zote, hasa ukikaa kwenye kiti au benchi la watu wote. Simu inabaki kwenye mkoba, hupigi picha hata ya mawimbi ukiwa umewaelekezea watu. Husogei karibu na wengine wakati kuna nafasi. Hushiki wala hushikwi. Na ukitoka eneo lile kwenda mgahawani au gatini, unavaa. Ndiyo maana mdau wa picha nilimwambia asahau.

Jingine ni mafuta ya jua. Sisi weusi tunajidanganya hatuungui. Kuna sehemu za mwili hazijawahi kuonana na jua tangu utotoni, usizipe mshtuko.

Mzee_wa_Shangani

Assalaam alaykum. Mimi nimesoma kimya nikasema nichangie. Kwa dini yangu hilo ni haramu, halina mjadala, na sitakwenda. Lakini kilichonishtua mimi si uchi wao huko majabalini. Ni hiyo faini ya mjini. Hapa kwetu Mji Mkongwe tumeweka mabango tunawaomba wageni wasitiri mabega na magoti, baadhi yao wanatucheka, wanatuona washamba tusiojua utalii. Anapita mtu Darajani na sidiria, mbele ya wazee wanaotoka msikitini, ukimwambia anasema "likizo". Kumbe kwao Ulaya wenyewe wamechoka, wanatoza pesa!

Mtanga_Bavaria

Shikamoo mzee. Hapo umegusa penyewe.

Nilichokiona mimi Dubrovnik ni watu wasiogombana na mwili, wanagombana na mahali. Huyo huyo askari anayekuandikia faini Stradun, ile barabara kuu ya mawe yaliyosuguliwa na miguu hadi yanateleza, jioni hana shida na mtu aliye uchi Lokrum. Stradun kuna kanisa, kuna bibi anatoka kununua samaki, kuna nguo zimeanikwa juu ya kichochoro. Ni nyumbani kwa watu. Na hao watu wamebaki wachache ndani ya kuta, nyumba nyingi zimegeuka za kupangisha wageni, kama mnavyolalamika Shangani na Malindi. Hadi meli za utalii mji ulikaa na makampuni mwaka 2019 wakakubaliana zisizidi mbili kwa wakati mmoja, maana walikuwa wanamwagiwa maelfu ya watu asubuhi moja.

Kwa hiyo mzee, mgeni akikucheka Darajani muulize kama amewahi kukatiza Stradun na hiyo sidiria.

Mzee_wa_Shangani

Marahaba mwanangu. Nitamuuliza.

Bwana_Forodhani

Umeongelea historia juu juu mleta uzi. Umetaja biashara na meli. Na watumwa je? Maana kila mji wa bahari wenye kuta nzuri hivyo, uchimbe kidogo utakuta minyororo.

Mtanga_Bavaria

Ulipofika hapo mkuu nakupa like. Ragusa walifanya hiyo biashara, hasa ya watu kutoka Bosnia, wakivushwa kwenda Italia. Ila mwaka 1416 baraza lao likapitisha sheria ya kuwapiga marufuku wananchi wake kushiriki, wakaiita biashara ya aibu. Haikuwa na maana kwamba hakuna mtumishi aliyebaki utumwani ndani ya nyumba za mabwana, na mimi sitawapamba. Lakini weka mwaka huo pembeni ya soko la watumwa la Mkunazini, Zanzibar, lililofungwa mwaka 1873, uone mwendo wa dunia.

Kingine chao ni karantini. Mwaka 1377 waliamua anayetoka penye tauni asiingie mjini mpaka akae mwezi mzima nje, ama kwenye kijisiwa cha Mrkan ama Cavtat. Ndiyo sheria ya kwanza ya aina hiyo inayojulikana. Baadaye wakajenga majengo rasmi, Lazareti, nje tu ya lango la Ploče, bado yamesimama na siku hizi wanafanyia shughuli za sanaa.

Cavtat hiyo hiyo ndiyo ufukwe wangu wa pili. Ni mji mdogo kusini, karibu na uwanja wa ndege. Unapanda basi namba 10 au boti kutoka bandari ya zamani. Enzi za Warumi uliitwa Epidaurum, ulipovunjwa karne ya 7 watu wake ndio wanaosimuliwa kuwa walikimbilia kuanzisha Ragusa. Kwenye rasi ya Sustjepan, chini ya misonobari, kuna kipande cha mawe cha wasiovaa. Pamepoa kuliko Lokrum na watu ni wachache. Mimi napapenda zaidi. Mahali walipofungiwa wenye kushukiwa tauni leo watu wanaanika migongo.

Visiwa vya Elafiti navyo, Koločep hasa, vina kona za namna hiyo. Na ukipanda kaskazini hadi Hvar kuna kijisiwa cha Jerolim kinachojulikana kwa hilo miaka mingi. Ila huko ni safari nyingine, usikichanganye na Dubrovnik.

Kijana_wa_Gongo

Wahenga walisema ukienda kwa wenye chongo nawe funga lako jicho. Huku ni kufungua vyote na kufunga hakuna.

Binti_Mvita

😂😂 Wewe kijana.

Kaka Mtanga, vile vita vya miaka ya tisini Yugoslavia ilipovunjika, alama zake bado zinaonekana?

Mtanga_Bavaria

Zinaonekana kwa anayejua pa kuangalia, na mahali pazuri ni juu ya ukuta. Tazama mapaa. Vigae vya zamani vimepauka, vina rangi ya mchanga na madoa ya ukungu, kimoja hakifanani na kingine. Vipya ni vya rangi ya chungwa kali, vimelingana vyote. Sasa hesabu kwa macho vipya ni vingapi. Karibu mji mzima. Mji ulizingirwa kuanzia Oktoba 1991, na tarehe 6 Desemba mwaka huo ndiyo siku ulipopigwa mabomu vibaya zaidi. Majeshi ya Yugoslavia yalikuwa juu milimani, kilele cha Srđ kina mita 412 na kinauangalia mji kama mtu aliyesimama juu ya meza. Leo kuna magari ya kamba yanayopandisha watalii, na ndani ya ngome ya kule juu kuna maonyesho ya vita. Kabla ya hapo tetemeko la mwaka 1667 lilishaangusha sehemu kubwa ya mji na kuua maelfu. Kwa hiyo huo "ukale" unaouona umejengwa na kujengwa tena.

Panda ukuta asubuhi mapema, mlango ukifunguliwa. Saa sita mchana wa Julai yale mawe yanakuwa chuma cha kukaangia, kivuli hakuna. Na kabla ya kukata tiketi ya ukuta peke yake, linganisha na pasi ya mji, inayojumlisha basi na makumbusho. Nilipokwenda bei zilikuwa karibu sawa, ukichukua ya ukuta tu umejipunja.

Mzee_wa_Shangani

Mwanangu, umesema kisiwani kulikuwa na watawa. Walikwenda wapi?

Mtanga_Bavaria

Mzee, hii utaipenda. Inasimuliwa kwamba Wafaransa walipoiteka Ragusa waliwaamuru waondoke. Wenyeji wanasimulia kwamba usiku wao wa mwisho watawa walivaa majoho, wakawasha mishumaa, wakaizunguka Lokrum kwa miguu, mmoja mmoja kwenye mstari, mishumaa wameishika kichwa chini inadondosha nta njia nzima, wanasoma laana: yeyote atakayekimiliki kisiwa hiki kwa ajili ya starehe zake, kimgeukie.

Mwaka 1859 akakinunua Maximilian, mdogo wake Mfalme Franz Joseph wa Austria, akajenga nyumba ya mapumziko na bustani, na hao tausi wanasemwa walikuja naye. Baadaye wakamshawishi awe Mfalme wa Meksiko. Akaenda. Mwaka 1867 akapigwa risasi na kikosi cha Wameksiko.

Mzee_wa_Shangani

Lahaula. Hiyo ni halbadiri kamili! Yale yale, mishumaa na kuzunguka. Hapa kwetu ukisikia nyumba fulani imesomewa, hata bei ya kutupa huichukui.

Bwana_Forodhani

Na hao wanaolala uchi humo humo hawaogopi?

Mtanga_Bavaria

Hawamiliki, wamekodi taulo tu. Ila hadi leo kulala kisiwani ni marufuku. Sheria inasema ni hifadhi ya msitu, wazee wa mjini wanakwambia ni watawa. Moto marufuku, sigara marufuku, mbwa marufuku.

Rafiki_wa_Ubalozi

Mleta uzi, upande wa viza. Nina pasipoti ya Tanzania na nina kibali cha kuishi Italia.

Mtanga_Bavaria

Umepona. Kroatia imeingia Schengen tarehe 1 Januari 2023, siku hiyo hiyo ikaanza kutumia euro. Kibali chako cha Italia kinakutosha kwa matembezi, beba na pasipoti. Anayetoka Dar au Nairobi anaomba viza ya Schengen kama kawaida.

Kama unatua Split halafu unashuka kwa basi, kulikuwa na mtego. Barabara ya pwani inakatiza Neum, kipande cha Bosnia, na Bosnia haiko Schengen. Mwenye viza ya kuingia mara moja alikuwa anajiweka pabaya. Tangu Julai 2022 kuna daraja la Pelješac, kilomita mbili na nusu kasoro, linaloruka eneo hilo. Ila uliza basi lako linapita wapi kabla ya kulipa, yapo yanayoendelea kupitia Neum. Ukipita darajani unakaribia Ston, mji wa chumvi na chaza. Shuka ule. Na mjini Dubrovnik tafuta wali mweusi uliopikwa kwa wino wa dome (jamaa wa ngisi), unatia meno weusi hadi jioni lakini mtu wa pwani hatajuta.

NgojaWaje

Picha za mapaa nimeziona, umetisha. Hivi viatu nibebe gani vya kuingilia majini?

Mtanga_Bavaria

Vya mpira vyenye soli. Chini ya ngazi kuna vile viumbe vyeusi vya miiba vimejibana kwenye mwamba, ukikanyaga kimoja likizo yako inahamia kwenye kibano na taa ya simu.

Binti_Mvita

Swali langu la mwisho. Mwezi gani uende? Na nikichelewa boti ya kurudi?

Mtanga_Bavaria

Septemba. Maji yameshapata joto la kiangazi chote na umati umepungua. Boti za Lokrum hukoma majira ya baridi, hivyo usipange Desemba. Ratiba ya kurudi imebandikwa gatini, ipige picha ukishuka, hiyo picha inaruhusiwa. Saa ya boti ya mwisho inabadilika kwa mwezi, na inayotangulia ya mwisho ndiyo ya kupanda, maana ya mwisho kabisa kila mtu anaikumbukia na foleni inafika kwenye miti. Ukiikosa, walinzi wanapita kisiwa kizima kutafuta waliobaki, na teksi ya boti ya kukufuata haitakuwa kwa bei ya tiketi.